Kura Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Sifa zote njema ni zake Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.

Amma baad. Nchi yetu inaelekea uchaguzi mkuu wa tarehe 10 Agosti 2027, na tayari hapa Junju, barazani na katika shughuli za kina mama, yanasikika maneno mawili yanayopingana. Mmoja husema, “Tukajiandikishe, kura ni haki yetu.” Mwingine humjibu, “Tupige tusipige, ataingia yule waliyekwisha kumpanga.” Neno hili la pili ndilo tunalotaka kulizungumza wiki hii, kwa kuwa linawakatisha tamaa mama zetu na vijana wetu, na kwa kuwa halikuzuka bure.

Halikuzuka bure, kwani sote tuliyaona ya 2007. Wakenya walipiga kura tarehe 27 Desemba. Tarehe 30 mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, marehemu Samuel Kivuitu, alimtangaza Mwai Kibaki kuwa mshindi kwa kura 4,584,721 dhidi ya kura 4,352,993 za Raila Odinga, na jioni ile ile Kibaki akaapishwa Ikulu. Nchi ikawaka moto. Hadi mapatano yalipotiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, chini ya upatanishi wa Kofi Annan, zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameuawa, mamia ya maelfu wameyahama makwao, na wanawake wengi wamevunjiwa heshima zao.

Baadaye iliundwa tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini. Tume hiyo haikusema kwamba fulani alishinda, wala kwamba fulani aliibiwa. Ilisema kwamba hesabu zilikuwa zimeharibika kiasi cha kutowezekana kumjua mshindi wa kweli. Tulizingatie neno hili kwa makini. Watu waliuana kwa sababu ya jambo ambalo hapakuwa na daftari la kulithibitisha, kwa upande huu wala kwa upande ule.

Wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na kabla ya wahenga, Mola wetu ametufunza hayo katika aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo ni aya ya 282 ya Suratul Baqara. Aya hiyo inahusu deni: liandikwe, mwandishi awe muadilifu, pawe na mashahidi, na mashahidi wasikatae wanapoitwa. Aya inayoifuata inakataza kuficha ushahidi. Ikiwa deni baina ya jirani wawili limewekewa utaratibu huo, basi kura, ambayo ni ushahidi wa mtu juu ya nani anayefaa kupewa amana ya watu wote, inastahiki kuandikwa na kushuhudiwa zaidi.

Hilo ndilo lililofanywa na Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Ibara yake ya 86 inataka uchaguzi uwe wepesi, sahihi, salama na wa kuhakikishika, na inaamuru kura zihesabiwe na matokeo yatangazwe palepale kituoni. Daftari lenyewe ni karatasi moja inayoitwa Fomu 34A. Baada ya kituo kufungwa, msimamizi huzihesabu kura za urais mbele ya mawakala wa wagombea, huandika idadi aliyopata kila mmoja, hutia sahihi na mawakala nao hutia zao. Nakala moja hubandikwa mlangoni, na picha yake hutumwa Nairobi. Kwa hiyo matokeo huanzia katika darasa la skuli ya kijijini, penye macho ya watu wanaojuana.

Daftari hilo limekwisha kupimwa mahakamani. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, iliubatilisha uchaguzi wa urais uliofanyika tarehe 8 Agosti, kwa majaji wanne dhidi ya wawili. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama barani Afrika kuubatilisha ushindi wa rais aliye madarakani. Miongoni mwa sababu zao ni kwamba matokeo yalitangazwa kabla ya fomu zote za vituo kupokelewa, na kwamba tume ilikataa kuifungua mitambo yake ikaguliwe kama ilivyoamriwa.

Mwaka 2022 ilikuwa kinyume chake. Makamishna wanne kati ya saba walijitenga na matokeo yaliyompa ushindi William Ruto, na wengi wakahofia kwamba ya 2007 yanarejea. Lakini safari hii fomu za vituo zaidi ya 46,000 zilikuwa zimewekwa hadharani, na kila aliyetaka aliweza kujijumlishia mwenyewe. Mahakama ilisikiliza pande zote, na tarehe 5 Septemba majaji wote saba waliyathibitisha matokeo. Wapo waliobaki na uchungu hadi leo, na ni haki yao. Lakini hapakumwagika damu kama ile ya 2007.

Tuwatazame na ndugu zetu wa Unguja na Pemba, ambao wengi wetu tuna udugu nao. Walipiga kura tarehe 25 Oktoba 2015. Siku tatu baadaye mwenyekiti wa tume yao, Jecha Salim Jecha, alitangaza kwenye televisheni kwamba ameufuta uchaguzi wa Zanzibar, akitaja kasoro. Matokeo ya baadhi ya majimbo yalikuwa yamekwisha kutangazwa. Uchaguzi ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, na chama cha CUF kikaususia. Kenya ulifutwa uchaguzi, na Zanzibar ulifutwa uchaguzi. Tofauti ni kwamba kwetu fomu zilisomwa mbele ya majaji na kila upande ukajibu, ama kwao neno la mtu mmoja lilitosha.

Basi demokrasia haienei kwa mataifa makubwa kuihubiri, wala kwa wanasiasa kuitaja majukwaani. Huenea pale mashahidi wa kawaida wanapokataa kuuficha ushahidi wao. Na hapo ndipo nafasi yenu, mama zetu na dada zetu. Suratul Mumtahina inataja bai'a ya wanawake kwa Mtume (s.a.w.). Na imesimuliwa kwamba Abdurrahman bin Auf (r.a.), alipokuwa akitafuta rai za watu kabla ya Uthman (r.a.) kushika ukhalifa, aliwauliza hata wanawake majumbani mwao.

Kwa hiyo tunausia mambo manne. Kwanza, kitambulisho kisiuzwe wala kisiwekwe rehani kwa pakiti ya unga au leso. Anayenunua kitambulisho chako amenunua ulimi wako kwa miaka mitano.

Pili, kura ni siri. Mume hana ruhusa ya kumlazimisha mkewe wala kumhoji alimchagua nani, kwani ushahidi ni wa mwenye kuutoa. Na mama mzee asiyejua kusoma anaruhusiwa na sheria kusaidiwa na mtu anayemwamini. Amchague yeye mwenyewe, asichaguliwe.

Tatu, vijana wetu na wajitolee kuwa makarani na mawakala, na sisi tulio nyumbani tuende kuisoma fomu iliyobandikwa mlangoni, tuipige picha, tuilinganishe na ile iliyowekwa hadharani na tume. Ikitofautiana, hapo una hoja ya kuipeleka mbele. Katiba inatoa siku saba za kuwasilisha kesi ya urais na siku kumi na nne za kuiamua.

Nne, tusisambaze kwenye simu hesabu tusizozihakikisha. Suratul Hujurat imetuamrisha kuihakiki habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Jirani yako wa bara, mnayeteka naye maji katika bomba moja, si yeye aliyeandika fomu.

Kushindwa kwa uliyemchagua si msiba, na kushinda kwake si idi. Msiba ni kutojua ukweli, na kumdhulumu mtu kwa usilolijua.

Tunamuomba Allah ailinde nchi yetu, awape waadilifu dhamana ya kutuongoza, na atujaalie miongoni mwa wenye kusimamisha ushahidi kwa haki. Amin. Wabillahi tawfiq.