Barua Pepe Zinazoelekezwa Nje: Kwa Nini Hazifiki, na la Kufanya

Si jambo geni kwa katibu wa chama cha msingi kuiagiza seva ya barua impelekee, kwa anwani yake binafsi, nakala ya kila barua inayoingia katika sanduku la chama. Utaratibu huu humfaa mtu aliye safarini au shambani. Lakini hutokea barua ya mnunuzi wa kahawa ikaingia katika sanduku la chama, isionekane kwenye simu ya katibu, na siku ya mwisho ya kujibu ikapita. Hasara hiyo ni ya wanachama wote.

Sababu ya kwanza ni katazo. Katika huduma ya Microsoft 365, kuelekeza barua nje kumezuiwa tangu mwaka 2020 isipokuwa kwa ruhusa, na barua iliyozuiwa hurudishwa na tangazo lenye namba 5.7.520. Hapo hakuna kosa ambalo katibu aweza kulisahihisha. Msimamizi wa seva ndiye mwenye kutoa ruhusa, na inafaa aitoe kwa sanduku hilo moja tu.

Sababu ya pili ni ngumu zaidi. Kila mwenye kikoa, yaani lile jina linalofuata alama ya @ katika anwani, aweza kutangaza orodha ya seva zenye idhini ya kutuma barua kwa jina lake. Orodha hiyo huitwa SPF. Seva ya chama inapoielekeza barua ya mnunuzi, seva inayopokea huona barua hiyo ikiletwa na mjumbe asiyemo katika orodha ya mnunuzi, nayo humshuku. Dawa yake ni utaratibu uitwao SRS, ambao hubadili anwani ya mtumaji iliyo juu ya bahasha iwe ya kikoa cha chama.

Hata hivyo, SRS peke yake haitoshi ikiwa mnunuzi ametangaza pia sharti la DMARC, linalodai kwamba jina linaloonekana ndani ya barua lithibitishwe. Hapo barua hutegemea sahihi ya mnunuzi mwenyewe, iitwayo DKIM. Sahihi hiyo huvumilia safari, bali huvunjika maandishi yakiguswa. Kwa hiyo seva ya chama isiongeze tangazo wala neno lolote katika barua inayoielekeza.

Katibu anapotafuta kosa, afuate hatua hizi:

(a) Ahakikishe kwamba barua imefika katika sanduku la chama. Kama haikufika, kosa haliko katika uelekezaji.

(b) Atazame sehemu ya barua taka katika anwani ya nje.

(c) Asome tangazo la kurudishwa. Namba inayoanza na 5 ni kukataliwa kabisa. Inayoanza na 4 ni kucheleweshwa, na seva itajaribu tena. Kwa kuwa tangazo huweza kumrudia mtumaji wa kwanza, msimamizi aombwe kusoma kumbukumbu za seva.

(d) Zitumwe barua mbili za majaribio, moja na mwenzake wa chama, nyingine na mtu wa nje. Ya kwanza ikifika na ya pili isifike, yaelekea sababu ni SPF au DMARC. Asijitumie barua kutoka anwani ileile inayopokea, kwa maana Gmail huweza kutoionyesha nakala hiyo.

Liko jambo kubwa kuliko hayo. Mwizi aliyepata neno la siri la sanduku huweza kuweka agizo la kuelekeza barua kwake, akasoma habari za malipo, kisha akaleta ankara yenye akaunti yake mwenyewe. Neno la siri likibadilishwa, agizo hilo huweza kubaki. Hivyo maagizo yote yakaguliwe kila mwezi. Na katibu akiondoka madarakani, agizo lake lifutwe siku ya makabidhiano. La sivyo barua za chama zitaendelea kumfuata nyumbani.

Njia iliyo bora ni katibu kulifungua sanduku lenyewe la chama katika simu yake. Hapo barua haielekezwi popote, vikwazo vilivyotajwa havihusiki, na kumbukumbu hubaki kuwa mali ya chama, kama vile vitabu vya hesabu na muhtasari wa mikutano.