Deni likishalipwa, familia ijifunze upya kupanga na kustarehe

MWALIMU wa shule ya msingi viungani mwa mji wa Bungoma anapopata hati ya mshahara isiyo na makato ya mkopo kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne, aghalabu hutokea mojawapo ya mambo mawili. Huenda mwezi usiishe kabla hajajaza fomu ya mkopo mwingine. Au huenda asibadilishe lolote nyumbani: chai ikaendelea kuwa ya rangi, paa likaendelea kuvuja, na fedha zilizokombolewa zikayeyuka pasipo mtu kujua zilikopitia.

La kwanza limeandikwa sana. La pili halizungumzwi, ilhali ndilo linalozaa la kwanza. Familia iliyojinyima kwa miaka kadhaa hupoteza uzoefu wa kuamua, maadamu deni ndilo lililokuwa likiiamulia. Mtoto akiomba viatu vya mpira, jibu lilikuwa moja tu: tukimaliza mkopo. Sasa umeisha, na baba na mama hawana jibu jingine. Watavumilia miezi mitatu au minne wakiogopa kutumia, kisha siku moja subira iwaishe na wanunue runinga kubwa kwa malipo ya polepole.

Kabla ya kugawa hata shilingi moja, sharti ihakikishwe kwamba deni limekwisha kwelikweli. Aliyekopa kwenye chama cha akiba na mikopo, yaani Sacco, aombe barua inayoonyesha kwamba hadaiwi, na kwamba wadhamini wake wameachiliwa. Aidha, aikague hati ya mshahara ya mwezi unaofuata, kwa sababu makato huweza kuendelea hata baada ya mkopo kumalizika, na fedha hizo ni haki yake kurejeshewa. Kwa mkulima aliyeweka shamba rehani, tuseme kwa Shirika la Fedha za Kilimo (AFC) lililoanzishwa mwaka 1963, kulipa pekee hakutoshi. Rehani hiyo lazima iondolewe katika sajili ya ardhi. Asiyefanya hivyo huwaachia watoto wake kazi ya kutafuta karatasi za mkopo uliolipwa zamani, siku watakapotaka kugawana urithi.

Tukirudi kwa mwalimu wetu, tuchukue mfano kwamba alikuwa akikatwa Sh12,000 kila mwezi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu makato yote kwa jumla kupita theluthi mbili za mshahara, na wako wengi ambao wameishi miaka mingi wakiukaribia mpaka huo. Maana yake ni kwamba nyumba imekwisha kujizoesha kuishi bila zile Sh12,000. Mazoea hayo ni mtaji, bali hayadumu. Ndiyo sababu mgawanyo unafaa kuandikwa kabla ya makato ya mwisho, wakati fedha zenyewe bado hazijaonekana.

Anaweza kutenga Sh5,000 kwa akiba ya dharura, aongeze Sh3,500 kwenye akiba yake ya Sacco, na Sh2,000 zirekebishe yale yaliyoachwa yaharibike wakati wa deni, kama vile jino la mama lililong'olewa badala ya kutibiwa, na mabati yaliyopata kutu. Zinazobaki ni Sh1,500, na hizo ni za starehe.

Kuhusu akiba ya dharura, wakazi wa kaunti ya Bungoma hawahitaji mahubiri. Kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills mjini Webuye kilipofungwa mwaka 2009, mishahara ilikatika, lakini kodi ya nyumba, karo na madeni havikukatika. Wakulima wa miwa nao wanajua maana ya zao linalokaa shambani takriban mwaka mmoja na nusu, kisha malipo yakacheleweshwa na kiwanda. Aliye na matumizi ya miezi mitatu pembeni huweza kungoja. Asiye nayo huuza ng'ombe kwa bei ya anayenunua.

Lakini ni hizo Sh1,500 zinazozua mabishano. Wapo watakaosema kwamba hiyo ni anasa, na kwamba afadhali fedha zote ziende kwenye akiba. Mimi nasema la. Bajeti isiyo na nafasi ya furaha haiondoi matumizi ya furaha, huyaficha tu. Nyama ya Jumapili itaandikwa kama mboga, na soda za watoto zitaandikwa kama nauli. Baada ya miezi sita hakuna atakayeziamini tarakimu za daftari, na daftari lenyewe litatupwa. Afadhali kiasi kidogo kinachojulikana, kisichoombewa ruhusa wala kutolewa maelezo. Na mwenye sauti ya kwanza katika kukitumia awe yule aliyejinyima zaidi. Mara nyingi huyo ni mama wa nyumba, aliyekuwa akikunja kanga ileile miaka minne.

Mambo hubadilika msafiri anapopanda matatu kutoka Bungoma kupitia Webuye na Kamukuywa hadi Kitale, kwenye mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia. Huku wengi hawana mwisho wa mwezi. Mahindi hupandwa mvua ndefu zinapoanza, mwezi Machi au Aprili, na kuvunwa kuanzia Oktoba. Fedha huja kwa mkupuo, Krismasi ikibisha hodi na karo ya Januari ikiwa nyuma yake. Kumwambia mkulima wa namna hiyo atenge Sh1,500 kila mwezi ni kumpa koti la mtu mwingine.

Huyu na apange kwa magunia. Aliyevuna magunia 100 ya kilo 90 aweza kuyagawa ghalani kabla ya kumwita mnunuzi: 10 ya chakula cha nyumbani, 35 ya kulima, mbegu na mbolea za msimu ujao, 30 ya karo, 15 ya dharura, sita ya kukarabati nyumba na vifaa, na manne ya starehe. Bei ikipanda au ikishuka, uwiano haupotei. Isitoshe, gunia halitumwi kwa simu. Anayetaka kulila fungu la mbolea atalazimika kulibeba mgongoni mchana watu wakimwona. Hata hivyo, njia hii inamfaa tu anayekausha mahindi yake vyema, hadi unyevu ufike asilimia 13.5 au chini ya hapo. La sivyo, ukungu na dumuzi watakuwa wa kwanza kustarehe.

Magunia hayo manne yauzwe siku moja na yale mengine, wala yasingoje kuona kitakachosalia. Hakisalii kitu.

Kwa familia za Wabukusu iko sherehe isiyoweza kuitwa ghafla: tohara ya wavulana, ambayo hufanyika Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili. Watahiriwa huzunguka kuwaalika jamaa, wajomba huchinja, na boma zima hulishwa na kunyweshwa. Ni fahari, na haifai kufutwa kwa jina la uwekevu. Lakini tarehe yake hujulikana miaka miwili mbele. Anayeweka Sh2,000 kila mwezi atakuwa na Sh48,000 baada ya miezi 24, na atawapokea wageni akicheka. Anayekumbuka Julai atakopa, na mtoto atakuwa amepona muda mrefu kabla ya mkopo kulipwa.

Mikopo ya simu imeyafanya makosa hayo kuwa mepesi. M-Shwari, iliyoanzishwa mwaka 2012, ilianza kwa kutoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa dharura moja, kiwango hicho si balaa. Kwa anayekopa kila mwezi ili mezani pasikauke, ni sawa na asilimia 90 kwa mwaka. Fuliza, iliyofuata mwaka 2019, hata haikungojei uombe mkopo rasmi. Ukishajiunga, hujaza pengo papo hapo unapolipa. Familia iliyotoka kwenye deni kubwa ingefaa kuchunguza kama haijabaki na haya madogo, yanayolipwa asubuhi na kurudi jioni.

Kuna jaribu jingine linalovaa sura ya wema. Habari za mtu kumaliza deni husambaa, na wiki hiyohiyo mwenzake kazini atamwomba awe mdhamini. Kudhamini ni kuweka akiba yako chini ya mkopo wa mwingine. Akishindwa, wewe ndiwe utakayekatwa. Si lazima kukataa kila ombi, kwani huenda nawe ulidhaminiwa. Ila jibu litolewe baada ya watu wawili wa nyumba moja kuketi, si kwenye varanda ya ofisi. Vivyo hivyo kwa michango ya matanga na harusi: kiwekewe kiwango cha mwaka, na kikiisha, mtu aende na kuni au siku mbili za kusaidia kazi.

Na starehe yenyewe haihitaji kuwa ya mbali. Mjini Kitale kuna jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1974. Mwaka huohuo ndipo Saiwa Swamp, kaskazini mwa mji kuelekea Kapenguria, ilipotengwa kuwa hifadhi ya taifa, na ndiyo ndogo kuliko zote nchini, kiasi cha kilomita tatu hivi za mraba. Humo hamna kukodi gari la kitalii, kwani watu hutembea kwa miguu juu ya vijia vya mbao. Anayetaka kumwona nzohe, swala yule wa kinamasi, afike alfajiri, apande kwenye jukwaa la mbao lililojengwa mtini, na awaambie watoto wanyamaze. Mahindi ya kuchemsha na chupa ya chai ya maziwa vitoke nyumbani.