Vidonge 12 kwa Siku

Chukua mgonjwa wa jongo aliyeanzishiwa alopurinoli. Wiki ya tano anapata homa, uso unavimba, upele mwekundu unashuka kifuani hadi mapajani. Anatibiwa malaria, kisha taifodi, na alopurinoli anaendelea kuimeza. Nani angeishuku dawa aliyoizoea mwezi mzima? Kumbe mzio huu, ambao madaktari huuita DRESS, kwa kawaida hujitokeza kati ya wiki ya 2 na ya 8, na upele ndio uonekanao tu: ndani, ini au figo huenda linaungua.

Tiba ya kwanza ni kuiacha dawa iliyoleta balaa. Viungo vya ndani vikiwa vimeguswa, ndipo inapokuja prednisoloni, aina ya steroidi, ambayo huituliza kinga iliyogeuka kuushambulia mwili wenyewe. Dozi inaweza kufika miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 60 atahesabu vidonge 12 vya miligramu 5 kila asubuhi, na wengi hudhani mfamasia kakosea.

Balaa jingine huanza mgonjwa akipata nafuu. Uvimbe umeisha, njaa imerudi (steroidi huleta njaa kwelikweli), basi vidonge vinawekwa kabatini. Siku chache baadaye homa inarudi na ini linachafuka upya. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki nyingi, pengine miezi. Muda wote huo sukari hupimwa, na kifua kikuu kilicholala huangaliwa kisije kikaamka.

Usiichanganye hali hii na ile ya Stevens-Johnson, ambapo ngozi hubanduka kama ya aliyemwagikiwa maji ya moto, na midomo na macho huchubuka. Hapo wataalamu bado wanabishana juu ya steroidi, kwa kuwa kidonda kikubwa hukaribisha vijidudu. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha jinsi thiasetazoni, dawa ya kifua kikuu, ilivyowababua vibaya wenye VVU. Kilichookoa watu ni kuacha kuwapa dawa hiyo.

Na anayebanwa pumzi dakika chache baada ya sindano? Huyo ni wa adrenalini, kwenye msuli wa paja, papo hapo. Haidrokotisoni, nayo steroidi, huchukua saa kadhaa kufanya kazi.

Mgonjwa wetu wa jongo akiruhusiwa, mimi huandika ALOPURINOLI kwa wino mwekundu kwenye jalada la daftari lake, si ndani. Kwenye duka la dawa la mtaani hakuna anayefungua kurasa.