Kimya Si Sifuri: Daftari la Mashine na Afya ya Wagonjwa Unguja

Kila jioni, kabla ya kufunga kituo, mhudumu wa afya hutazama daftari lake la wagonjwa. Ikiwa siku imepita bila mgonjwa hata mmoja wa malaria, huandika sifuri. Sifuri hiyo ni habari kamili, kwani yasema kwamba watu walipimwa wakaonekana hawana vimelea. Lakini ukurasa ulioachwa mtupu hausemi hivyo. Huenda hapakuwa na mgonjwa, huenda vipimo vilikwisha, au mwandishi hakuwapo. Mwenye kuusoma ukurasa mtupu kana kwamba umeandikwa sifuri hujidanganya mwenyewe, na mgonjwa ndiye anayelipa gharama.

Zanzibar inaijua vyema thamani ya tofauti hii. Mwaka 2008, malaria ilipokuwa imepungua mno visiwani, ulianzishwa mfumo wa kugundua mapema milipuko ya ugonjwa huo kwa kutumia simu za mkononi. Ulianza katika vituo 10, na baadaye ukaenea Unguja na Pemba. Mhudumu hutuma kwa simu idadi ya waliopimwa na waliokutwa na malaria, na seva hupokea na kuhesabu. Tangu mwaka 2012 taarifa ya mgonjwa mmoja hutosha kumtoa afisa ufuatiliaji, kishikwambi mkononi, kwenda nyumbani kwa mgonjwa kuwapima anaoishi nao. Ugonjwa unapokuwa haba, kila mgonjwa ni alama ya njia unakopita. Taarifa moja ikipotea, njia nzima hufichika.

Je, taarifa hupotea wapi? Kati ya kituo kilichoko Makunduchi au Nungwi na ofisi iliyoko mjini kuna simu, mnara, mtandao, seva na programu. Kila mmoja wao aweza kukwama. Aghalabu lawama humwangukia mhudumu: “Hukutuma.” Naye hujibu: “Nimetuma.” Neno lake likipambana na neno la ofisi, hakuna anayeponywa. Hata hivyo yupo shahidi wa tatu, ambaye wengi wetu hatujazoea kumwita, naye ni daftari la mashine.

Mashine huandika nini?

Kila kompyuta inayofanya kazi huandika kumbukumbu za mwenendo wake, ambazo mafundi huziita logi. Kila ingizo hubeba wakati wa tukio, jina la mashine, jina la programu iliyosema, na ujumbe wenyewe: programu imeanza, mtumiaji ameingia, taarifa imepokelewa, diski imejaa, mtandao umekatika. Mpangilio huu ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipotunga programu ya syslog ili kuhudumia mfumo wake wa barua pepe. Hadi leo uzito wa ujumbe hupangwa kwa ngazi nane, kuanzia 0, ambayo ni hali ya dharura kabisa, hadi 7, yaani maelezo madogo yanayomfaa fundi pekee. Mhudumu aliyezoea kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao ataielewa mantiki hii bila kufundishwa.

Kulisoma kutoka mbali

Daftari likibaki ndani ya mashine, fundi hulazimika kuifuata mashine ilipo. Kwa kituo cha shamba maana yake ni safari ya daladala au gari la ofisi, na siku nzima kupotea, huenda kwa ajili ya kugundua tu kwamba diski ilijaa. Ndiyo sababu mifumo mingi ya Linux inaweza kulitoa daftari hilo kupitia seva ya wavuti. Programu ndogo ya kundi la systemd husikiliza katika mlango namba 19531 wa mashine, na anayeruhusiwa hulisoma daftari kwa kivinjari kilekile anachosomea habari. Aweza kuomba maingizo ya programu moja tu, au yale yaliyoandikwa tangu mashine ilipowashwa mara ya mwisho, au kuyatazama yakiandikwa papo hapo. Njia hiyo humruhusu kusoma tu. Hawezi kufuta wala kuongeza neno.

Zipo faida mbili zinazoufaa mtandao wetu wa kukatikakatika. Kwanza, kila ingizo lina alama yake ya mahali, mithili ya uzi unaowekwa katikati ya kurasa za kitabu. Mtandao ukikatika, msomaji huendelea alipoishia bila kuanza upya. Pili, mashine ya kituo yaweza kupangwa ipeleke yenyewe maingizo yake kwenye seva kuu mtandao unaporejea, badala ya kungoja kuulizwa. Kwa kituo ambacho mtandao wake hupatikana saa chache kwa siku, njia hii ya pili ndiyo salama zaidi.

Hapo ndipo kimya na sifuri hutengana. Seva ikionyesha kwamba taarifa ya kituo ilipokelewa ikiwa na sifuri, moyo hutulia. Ikionyesha kwamba taarifa ilifika ikakataliwa kwa kosa la programu, fundi ndiye mwenye kazi, si mhudumu. Isipoonyesha chochote, basi kituo kipigiwe simu siku hiyohiyo.

Saa ya mashine na saa yetu

Msomaji wa logi ana mtego mmoja wa kuuepuka. Seva nyingi huandika saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, nasi tunahesabu saa zetu kuanzia mapambazuko na machweo. Mhudumu aliyetuma taarifa saa mbili usiku ametuma saa 20:00 kwa saa ya ofisini, ilhali mashine imeandika 17:00. Tukio la saa nane za usiku wa kuamkia Jumatano mashine huliweka saa 23:00 ya Jumanne. Wengi wamebishana juu ya tarehe kumbe wote walisema kweli.

Umeme nao una neno lake. Mwaka 2008 Unguja ilikaa karibu mwezi mzima bila umeme kutoka Tanzania Bara, kisha ikakosa tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Mashine isiyo na umeme haiandiki, hivyo pengo katika daftari nalo ni ushahidi unaopaswa kusomwa. Tena, baadhi ya kompyuta ndogo hazina betri ya saa. Zikiwashwa upya huandika tarehe ya zamani mpaka zipate saa sahihi kutoka mtandaoni. Ingizo la tarehe ya ajabu lisitupwe kabla ya kuchunguzwa.

Siri ya mgonjwa

Mlango unaomfungulia fundi waweza kumfungulia mwizi pia. Programu iliyotungwa bila uangalifu huandika katika logi jina la mgonjwa, namba yake ya simu, hata jibu la kipimo chake. Isitoshe, seva ya logi tuliyoitaja haisimbi mazungumzo yake mpaka ipewe cheti, wala haimdai kila msomaji nenosiri. Ikiachwa wazi kwenye intaneti, apitaye njia aweza kuisoma. Katika mji ambao watu hujuana kwa majina ya baba na babu, jibu la kipimo cha VVU likivuja halirudi tena.

Kwa hiyo wasimamizi wa mifumo wazingatie haya. Logi ibebe namba ya taarifa, isibebe jina la mgonjwa. Seva ya logi ikae ndani ya mtandao wa ofisi, au nyuma ya seva nyingine inayodai nenosiri, na mazungumzo yote yasimbwe. Wanaoruhusiwa kusoma waandikwe kwa majina, na anayehama kazi afungiwe mlango siku anayoondoka.

Mhudumu naye taarifa inapokwama aandike kando saa aliyotuma, akitaja kama ni asubuhi, mchana au usiku, pamoja na maneno yaliyotokea kwenye skrini. Maneno hayo machache humwezesha fundi kulifikia ingizo husika kwa dakika chache. Na mgonjwa ana haki ya kuuliza taarifa zake zinahifadhiwa wapi na nani anazisoma. Kituo kinachoheshimu kazi yake hakitaudhika kwa swali hilo, na kitakuwa na jibu.