Saratani ya matiti: Simanzi isiyoonekana kwenye vipimo

WANAWAKE wengi wa Tanga wenye saratani ya matiti wanaohitaji tiba ya mionzi hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 300. Mionzi hutolewa siku tano kwa juma, kwa kawaida kwa wiki tatu hadi tano. Asiye na fedha za kupanga chumba hukaa kwa ndugu, naye anaijua vyema methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huamka alfajiri akafagia ua ilhali mwili hauna nguvu, ili asionekane mzigo.

Unyonge wa namna hii hauandikwi kwenye cheti cha hospitali. Hata hivyo ni sehemu ya ugonjwa. Mapitio ya tafiti kutoka nchi 30, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalikadiria kuwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu wa saratani ya matiti ana sonona.

Chanzo si hofu ya kifo pekee. Dawa za saratani hupukutisha nywele, na zipo zinazokatisha hedhi kabla ya wakati wake. Buibui na mtandio humsitiri mwanamke katika barabara za Ngamiani, lakini ndani ya nyumba hana pa kujificha. Aliyekatwa titi huweza kuacha kwenda kwenye shughuli za harusi, ambako wanawake hubadilishia nguo chumba kimoja. Wapo pia majirani wanaonong'ona habari za husuda na kurogwa, na hapo mgonjwa hujikuta akimshuku hata ndugu anayemletea uji.

La kushangaza ni kwamba simanzi huweza kuzidi matibabu yanapokwisha. Pongezi zimepita, wageni wameondoka. Amebaki na vidonge vya tamoksifeni, ambavyo wengi huvimeza kwa miaka mitano au zaidi, na kila maumivu ya mgongo humfanya adhani ugonjwa umerejea.

Huzuni ya siku chache baada ya kupewa majibu ni ya kawaida. Ikidumu zaidi ya wiki mbili, usingizi na hamu ya chakula vikatoweka, au akawaza kuwa heri afe, mgonjwa anahitaji tiba. Lakini mkoani Tanga kutajiwa daktari wa akili ni kama kutajiwa Lutindi, hospitali iliyoko milimani Korogwe tangu enzi za Wajerumani, na hakuna anayetaka kuitwa mwendawazimu. Sonona si wazimu. Hutibika kwa mazungumzo na mshauri, na pengine kwa dawa. Anayemeza tamoksifeni amweleze daktari mapema, maana baadhi ya dawa za sonona, zikiwamo fluoksetini na paroksetini, huweza kuipunguzia nguvu.

Hakuna haja ya kungoja safari ya Dar es Salaam. Muuguzi wa kliniki yoyote aweza kuuliza maswali mawili: katika wiki mbili zilizopita umekuwa mnyonge au mwenye kukata tamaa? Mambo uliyoyapenda yamekuwa hayakuvutii tena? Mume au dada aliyemsindikiza aombwe kwanza kutoka nje, kwani mbele yao jibu huwa lile lile: sijambo, alhamdulillahi.