Sura ya Saba: Mishale Haifanani

Anayetaka kubadili uso na mishale ya saa yake huja na swali moja: utapendeza? Swali la kwanza ni mashine gani imo ndani ya kasha. Ukilijua hilo, yanabaki mambo matatu tu: miguu, matundu na tarehe.

Miguu ni vile vijiti viwili vyembamba vilivyo nyuma ya uso, ambavyo huingia kwenye vitundu vya mashine. Visipoelekeana navyo, uso huo si wa saa hiyo, hata kama kipenyo ni kilekile. Wapo wanaoikata miguu na kubandika uso kwa supaglu. Mvuke wa gundi hiyo huacha ukungu mweupe ndani ya kioo, na mteja huambiwa eti saa imeingia maji.

Kuhusu matundu ya mishale, nimechoka kusikia kwamba mshale ni mshale. Chukua mashine mbili: ETA 2824-2 ya Uswisi na NH35 ya Seiko. Mshale wa saa una tundu la milimita 1.50 kwa zote mbili, wa dakika 0.90. Wa sekunde ndio unaowaumbua watu: ETA 0.25, Seiko 0.20. Uvike wa ETA kwenye Seiko, nao utalegea na kuanguka.

Mishale ya zamani nayo ina balaa lake. Mingi ilipakwa rangi ya radiamu ili ing'ae gizani, na watu hushikilia kwamba ikishaacha kung'aa, imekufa. Kilichokufa ni salfaidi ya zinki, unga uliokuwa ukitoa mwanga. Radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu. Wasichana waliopaka rangi hiyo katika kiwanda cha Orange, New Jersey, walichongoa ncha za brashi kwa midomo huku wakiambiwa haina madhara. Wengine walioza mataya wakafa, na waliofungua kesi mwaka 1927 walilipwa fidia mwaka uliofuata. Rangi hiyo ikizeeka humeguka ikawa vumbi. Usiikwangue, usiipulize kwa mdomo, wala usiifungulie saa hiyo mezani unapolia chakula.

Nafasi iliyobaki ni ya tarehe. Vuta kitufe hadi hatua ya kurekebisha majira, zungusha polepole, na tarehe ikibadilika tu, simama. Hapo mashine imefika saa sita usiku. Vika mshale wa saa ukielekea juu kabisa, wa dakika vivyo hivyo. Zungusha saa 12 nzima ukitazama kwa ubavuni kama inagusana, ndipo uvike wa sekunde.

Tarehe ikibadilika saa sita mchana, hakuna kilichoharibika: sogeza mishale saa 12 mbele. Ikibadilika saa tisa alasiri, mshale wa saa umevikwa vibaya. Ung'olewe, uvikwe upya.