Kisigino Kinachouma Alfajiri

Matatu iliyotoka Awasi ikifika stendi ya Kisumu, watazame abiria wanavyoshuka. Hakosi mmoja anayeshikilia mlango, akatua kwa vidole, akachechemea hatua chache, kisha akaenda zake kana kwamba hakuna lililotokea. Hajateguka. Maumivu yake hukolea mguu unapopumzika kisha ukaamshwa: baada ya safari, baada ya kukaa kibaoni sokoni, na zaidi ya yote alfajiri, hatua ya kwanza kutoka kitandani.

Wenye hali hii wakija kwetu kwa fiziotherapia, wengi huwa tayari wamepigwa picha ya eksirei, na picha imewatia hofu. Chini ya kisigino kumeonekana mfupa uliochongoka, ukielekea vidoleni. Ndio huo unaoitwa mwiba wa kisigino. Mtu akishauona, hataki kusikia jingine: "Daktari, nitolee huu."

Mfupa huo husingiziwa mengi. Mwaka 2008, Hylton Menz na wenzake wa Australia waliripoti picha za miguu ya wazee 216, na zaidi ya nusu yao walikuwa na mwiba chini ya kisigino. Ni kweli kwamba wenye mwiba ndio waliokuwa wameumwa kisigino mara nyingi zaidi, na wanene walikuwa na miba zaidi kuliko wembamba. Lakini mzigo unaootesha mfupa ndio huo huo unaochosha nyama zilizo karibu nao. Wako wanaotembea na mwiba maisha yao yote bila kujua, na wako wanaolia kwa maumivu ilhali picha yao ni safi. Tena mgonjwa hupona na mwiba ukabaki pale pale. Ndiyo sababu sihangaiki kuutibu mfupa.

Kinachouma hasa, mara nyingi, ni utando mgumu unaotoka kwenye kisigino hadi kwenye vidole na kuushikilia upinde wa wayo. Daktari J. H. Hicks alieleza kazi yake mwaka 1954: vidole vikikunjwa kwenda juu, utando hukazwa kama kamba ya tanga kwenye roda, na upinde wa wayo hunyanyuka. Usiku mguu hulala umenyooka na vidole vimelegea, utando ukafupika na kukakamaa. Alfajiri unaubebesha uzito wa mwili mzima kwa mara moja.

Sasa fikiria siku ya mama anayeuza nyanya Awasi, amesimama kutwa juu ya saruji au murram, miguuni patipati zilizolika hadi kisigino kinagusa ardhi. Mvua ikinyesha kwenye udongo mweusi wa Nyando, wenzake wa shambani huvaa gambuti bapa tangu asubuhi hadi jioni. Mwili ukiongezeka kilo na shavu la mguu likikaza, utando hauna pa kupumzikia.

Tiba ya kwanza huanzia kitandani, kabla ya kukanyaga chini. Pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole, vivute kuelekea kwako hadi uhisi wayo umekazika, hesabu hadi kumi, achia. Rudia mara kumi, na ufanye hivyo mara tatu kwa siku. Asiyefikia vidole azungushie leso chini yake na kuivuta. Utafiti wa DiGiovanni na wenzake uliochapishwa Marekani mwaka 2003 uliwafuata watu walioumwa kwa miezi mingi. Baada ya wiki 8, waliovuta wayo namna hii walikuwa na nafuu zaidi kuliko waliovuta ukano wa nyuma ya kisigino peke yake.

Zoezi la pili hushangaza watu, kwa sababu linautwisha mguu mzigo badala ya kuupumzisha. Viringisha taulo, iweke kwenye ukingo wa ngazi au kizingiti cha duka, simama kwa mguu mmoja vidole vikiwa juu ya taulo na kisigino kikining'inia, ukishika ukuta. Panda polepole kwa sekunde tatu, tulia mbili, shuka kwa tatu. Fanya siku moja, ruka moja. Ukizoea, beba mfuko wa mgongoni wenye vitabu. Watafiti wa Denmark, wakiongozwa na Michael Rathleff, walilijaribu kwa wagonjwa 48 na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Baada ya miezi mitatu, walioinua kisigino walikuwa wamewapita waliovuta tu. Baada ya mwaka, makundi yote mawili yalikuwa yamekaribiana. Mimi huwapa wagonjwa mazoezi yote mawili. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si hatari, ila yakizidi hadi kesho yake, punguza.

Wakati huo huo mguu upewe ahueni. Plasta ya kubana upinde, ikifungwa na anayejua, hutuliza kwa siku chache. Kiatu chenye kisigino kidogo na soli nene husaidia, na anayesimama kutwa atandike gunia lililokunjwa. Barafu Kisumu si shida, wachuuzi wa samaki wanaijua: gandisha maji kwenye chupa, kisha uiviringishe chini ya wayo jioni.

Mashine nazo? Ile ya mawimbi ya sauti, inayopakwa jeli na kuzungushwa kisiginoni, inapendwa sana na wagonjwa, lakini ilipopimwa haikuonyesha faida ya maana. Sioni sababu ya kuilipia. Mawimbi ya mshtuko ni kitu kingine. Yanaweza kumfaa aliyefanya mazoezi kwa miezi kadhaa bila nafuu. Sindano ya steroidi hutuliza kwa wiki chache tu, na ikirudiwa inaweza kuudhoofisha utando hadi ukachanika. Upasuaji huwafaa wachache mno, kwani walio wengi hupona ndani ya mwaka bila kisu.

Si kila kisigino kinachouma ni cha kutibiwa hivi. Ganzi au kuchomachoma chini ya wayo huelekeza kwenye neva. Kijana anayeumwa visigino vyote viwili na kuamka na mgongo uliokakamaa apimwe baridi yabisi. Mwenye kisukari akaguliwe vidonda kabla ya lolote. Na kanda hii ya ziwa ina watoto wengi wenye selimundu. Mtoto wa namna hiyo akiwa na homa na mfupa wa mguu unauma, asisubiri mazoezi wala barafu. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.